Nakwenda Guangzhou peke yangu: simu niipangeje?

SWALI: Nina duka la nguo za watoto Mwanza. Mwezi ujao nakwenda Guangzhou kununua mzigo, siku 12, na ni mara yangu ya kwanza kutoka nje ya nchi, tena peke yangu. Simu yangu ni Samsung ya laini mbili. Laini ya kwanza ndiyo ya M-Pesa, benki na WhatsApp; ya pili siitumii sana. Wengine wananiambia China WhatsApp haifanyi kazi, wengine wanasema wanaitumia kila siku. Nani mkweli? Nikifika ninunue laini ya kule? Hela nitalipaje? Na nikipoteza simu sina ndugu kule, nifanye nini? Nimesikia pia simu China ni bei rahisi, ninunue? (Msomaji, Mwanza)

JIBU: Dada yangu, wote ni wakweli. Wanachotofautiana ni laini waliyoweka kwenye simu.

China bara imezuia WhatsApp, Facebook, Instagram, YouTube na huduma za Google: Gmail, Ramani, utafutaji, hata duka la Play. Kizuizi hicho kimo ndani ya intaneti ya China yenyewe. Ukiweka laini ya China, au ukiingia kwenye waifai ya hoteli, unapita humo humo, na WhatsApp itazunguka tu bila kufunguka. Laini ya nje iliyo kwenye romingi ina njia nyingine. Mnara ni wa China, lakini data yako inabebwa mpaka kwa kampuni iliyotoa laini, na intaneti unaipatia kule. Laini ya Tanzania inakupatia intaneti ya Dar es Salaam ingawa wewe umeketi Xiaobei, mtaa wa Guangzhou. Laini za safari zinazouzwa mtandaoni nazo hutokea Hong Kong, Singapore au Ulaya, kutegemea muuzaji. Kwa hiyo WhatsApp inafunguka kama kawaida, ila kidogo taratibu kwa sababu ya umbali.

Hapo ndipo watu wengi wanapojikwaa. Simu ikishajiunga na waifai ya hoteli, inaacha data ya laini na kufuata waifai. Mtu amelala WhatsApp ikifanya kazi, ameamka imekufa, kumbe usiku alijiunga na waifai ili kuokoa bando. Zima waifai, subiri nusu dakika, jaribu tena. Usiifute WhatsApp ili uipakue upya: kwenye waifai ya hoteli duka la Play halifunguki, na ukilipata bado utatakiwa kuthibitisha namba kwa SMS.

Kuhusu VPN (programu za kukwepa kizuizi hicho), ambazo najua mtu atakushauri: China hairuhusu zile zisizoidhinishwa, nyingi hukatika ovyo, na kwa siku 12 romingi halali inakutosha. Achana nazo.

Mpango wako wote basi ni huu: laini ya nyumbani ibaki kwenye simu kwa ajili ya namba yake, na laini nyingine ibebe intaneti. Karibu kila kitu kinachohitaji kufanywa kinafanywa ukiwa Mwanza.

Laini ya nyumbani haitoki kwenye simu

Wasafiri wengi wanachomoa laini yao wakishapata ya ugenini. Usifanye hivyo. Benki ikituma namba za uthibitisho ili kadi yako ilipe, zinakuja kwenye laini hiyo. Google ikishtuka kwamba umeingia kutoka China, inauliza laini hiyo. Na kwa Tanzania kuna jambo zito zaidi: laini zetu zimesajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, na kuirudisha iliyopotea kunahitaji kidole chako mwenyewe mbele ya wakala. Dada yako hawezi kukuchukulia. Laini iliyopotelea Guangzhou utairudisha ukirudi nyumbani, si kabla.

Wiki mbili kabla ya safari nenda kwenye duka la kampuni yako ya simu uulize mambo matatu: romingi imefunguliwa kwenye laini hii? Ukiwa China itashika mtandao gani? Kupokea simu dakika moja ni shilingi ngapi? Hilo la tatu watu hawalitarajii. Mtu akikupigia kutoka Mwanza, yeye analipa kama anapiga ndani ya nchi, na wewe unalipa kipande cha kutoka Tanzania mpaka China. Kupokea SMS kwa kawaida ni bure. Waambie watu wako mapema wasikupigie simu ya kawaida, watumie WhatsApp. Acha salio kidogo kwenye laini, na mwachie mtu namba ili akurushie vocha ikibidi.

Weka namba ya siri kwenye laini yenyewe, siyo kwenye simu tu. Hii ni kinga ambayo wengi hawana. Skrini yako inaweza kuwa imefungwa kwa alama ya kidole, lakini mwizi akichomoa laini na kuitia kwenye kitochi chake, SMS zote za benki zinaingia kwake. Kwenye Samsung ingia Mipangilio, sehemu ya usalama, kisha mipangilio mingine ya usalama, utafute pa kufunga SIM kadi. Simu itakuuliza namba ya siri ya sasa ya laini. Imeandikwa kwenye kile kipande cha plastiki laini ilipotoka. Kama ulishakitupa, uliza dukani na wala usibahatishe. Ukikosea mara tatu laini inajifunga na kudai PUK, namba ya kuifungulia, yenye tarakimu nane. Ukikosea PUK mara kumi, laini imekufa. Ndiyo maana nasema wiki mbili kabla: ikiharibikia Mwanza unatengenezewa siku hiyo hiyo. Andika PUK kwenye karatasi, ukae nayo mbali na simu.

Ukiwa humo humo kwenye mipangilio, ficha maandishi ya meseji kwenye skrini iliyofungwa, ili SMS ikiingia ionekane kwamba imeingia tu, bila zile tarakimu.

Kwenye WhatsApp, washa uthibitishaji wa hatua mbili (Mipangilio, Akaunti), weka tarakimu sita na barua pepe yako. Mwizi wa laini akijaribu kufungua WhatsApp yako kwenye simu yake atakwama hapo. Bila hivyo, ndugu zako watapokea ile meseji yetu ya "ile hela tuma kwenye namba hii", safari hii ikitoka kwenye namba yako halisi, na kwa vile wanajua uko ugenini, watatuma. Kubaliana na nyumbani swali moja ambalo mwizi hawezi kulijibu, na kwamba hakuna hela inayotumwa bila swali hilo. Jambo la mwisho kuhusu WhatsApp: ikikuuliza kama umebadilisha namba baada ya kuweka laini mpya, kataa. Akaunti inabaki kwenye namba ya Tanzania hata kama intaneti inatoka laini nyingine.

Menyu ya M-Pesa, *150*00#, huweza kufunguka ukiwa kwenye romingi kwa sababu inarudi kwenye mtandao wa nyumbani, lakini huweza pia kugoma siku unayoihitaji. Lipa ada za watoto, kodi ya fremu na mshahara wa msaidizi kabla hujaondoka.

Laini ya data

Piga *#06#. Zitatokea IMEI mbili, yaani namba za utambulisho wa simu, za tarakimu 15. Kama chini yake kuna mstari ulioandikwa EID, simu yako inakubali eSIM, yaani laini isiyo na kadi, unayoipakua. Samsung nyingi za bei ya kati hazina, kwa hiyo angalia kabla ya kulipia chochote.

Ikiwa ina EID, nunua eSIM ya data ya China kwa kampuni ya safari unayoiamini, na uipakue ukiwa Mwanza kwenye waifai nzuri. Kupakua kunahitaji intaneti, na ukishafika China tovuti ya muuzaji inaweza isifunguke. Wanakutumia msimbo wa QR kwa barua pepe. Simu haiwezi kujipiga picha yenyewe, kwa hiyo ufungue msimbo huo kwenye simu ya mtu mwingine au uuchapishe. Msimbo kwa kawaida unatumika mara moja tu. Ukiifuta eSIM kwa bahati mbaya, mara nyingi unanunua nyingine. Soma pia siku zinaanza kuhesabiwa lini: nyingi huanza zikishika mtandao wa nchi husika, chache huanza siku ya kununua.

Kama haina EID, tumia ile laini ya pili usiyoitumia sana. Fungua romingi na ununue bando la romingi la China. Mara nyingi ni ghali kuliko eSIM kwa GB moja, lakini halina usumbufu.

Laini ya China sikushauri kwa siku 12. Utahitaji kwenda na pasipoti kwenye duka rasmi la China Mobile, China Unicom au China Telecom, na tangu Desemba 2019 wanakupiga picha ya uso ndipo waisajili. Ukimaliza yote hayo, Google na WhatsApp hazifunguki. Faida yake ipo kwa mtu anayerudi kila baada ya miezi miwili: waifai za mitaani na programu nyingi za Kichina zinatuma namba za uthibitisho kwa namba ya China tu. Ukifika safari ya tatu tutaizungumzia.

Mipangilio yenyewe ifanye kabla ya kupanda ndege. Ingia Mipangilio, Miunganisho, Kidhibiti cha SIM. Kwenye data ya simu chagua laini ya data. Kwenye simu na meseji acha laini ya nyumbani. Kisha kuna vitufe viwili ambavyo vinakula hela za watu. Cha kwanza ni kile cha kubadili data kiotomatiki kati ya laini mbili: kizime. Kikiwaka, laini ya data ikipoteza mtandao kwenye lifti, simu inahamia kimya kimya kwenye laini ya nyumbani na kukata salio lako kwa bei ya romingi isiyo na bando. Cha pili ni romingi ya data. Kila laini ina chake. Kwenye laini ya nyumbani kizime. Kwenye laini ya data, pamoja na eSIM, lazima kiwake. Mtu anasikia romingi ni ghali, anazima vyote viwili, anafika na eSIM aliyoilipia haina intaneti, kisha anaamini ametapeliwa. eSIM ya safari ni laini ya nje, kwa hiyo kwa simu yako ni romingi tu.

GB 10 zinatosha siku 12 kama hutazami filamu. Simu ya sauti ya WhatsApp inakula kama nusu MB hadi MB moja kwa dakika. Ya video inaweza kufika MB 5 na kuzidi, kwa hiyo saa nzima ya kumwonyesha mteja magauni sokoni ni MB 300 hivi. Kinachomaliza bando ni vile usivyoviona: picha zinazojihifadhi kwenye Google na video za magrupu zinazojipakua. Zima vyote viwili. Picha za bidhaa zihifadhi usiku.

Ndani ya ndege weka simu kwenye hali ya ndege, tena kwa maana ya hela. Baadhi ya ndege zina mnara wao mdogo angani, na simu iliyoachwa wazi inaunganishwa nao kwa bei ambayo hakuna bando linaloigusa. Ukibadilishia Dubai, meseji za WhatsApp zinakwenda lakini simu za sauti na video zake zimezuiwa Falme za Kiarabu. Usidhani simu imeharibika.

Kulipa

Guangzhou watu wanalipa kwa simu, kuanzia metro hadi muuza viazi vitamu vya kuchoma. Pakua Alipay, programu ya Kichina ya kulipia, ukiwa nyumbani, jisajili kwa namba yako ya +255, piga picha pasipoti, weka kadi ya Visa au Mastercard. Kabla ya hapo pita benki uwaambie wafungue kadi kwa malipo ya mtandaoni nje ya nchi, na uwatajie tarehe za safari. Benki ikiona malipo ya kwanza ya China bila taarifa, huifunga kadi ikidhani ni wizi. Chukua kadi mbili za benki tofauti. Kadi za mtandaoni zinazotolewa na mitandao ya simu zinafaa kama akiba. Usizitegemee peke yake.

Malipo ya chini ya yuan 200 hayana ada ya kadi ya nje. Yakizidi hapo, ada ni asilimia 3 ya malipo yote. Tangu 2024 kikomo cha malipo moja ni dola 5,000 na cha mwaka dola 50,000. Hela ya mzigo wenyewe lipa kwa benki au kwa njia mliyokubaliana na wakala wako. Simu iwe ya chakula, usafiri na sampuli. Jambo jingine litakalokusumbua: kadi ya nje inalipa maduka yaliyosajiliwa, haitumi hela kwa mtu binafsi. Mama wa kibanda akikuonyesha msimbo wake binafsi, malipo mara nyingi yanagoma. Mwonyeshe wako yeye auskani, na ikishindikana toa noti. Tembea na yuan mia kadhaa za noti ndogo siku zote. Msimbo wako wa kulipia unabadilika kila dakika. Usimtumie mtu picha yake, hata awe anasema ni wa kampuni.

WeChat utaihitaji kwa sababu wauzaji hawako WhatsApp. Ukijisajili, inaweza kudai mtu mwenye akaunti ya zamani akuskani ili akuthibitishe. Tafuta mtu hapo Mwanza anayeagiza mizigo China akufanyie hilo, kwa kuwa kumtafuta mtu huyo ukiwa umesimama uwanja wa ndege wa Baiyun ni balaa. Ukipata ujumbe wa Kichina, ushikilie kwa kidole na utaona pa kutafsiri. Usiongeze wauzaji 40 siku ya kwanza. Akaunti mpya inayoongeza watu kwa kasi huwekewa vizuizi. Na muuzaji akikuandikia ghafla kwamba akaunti ya benki imebadilika, mpigie video umwone uso kabla ya kutuma hata senti.

Mtaani

Ramani ya Google usiifuate, hata ikifunguka. China hutumia mfumo wake wa kuratibu ramani, na nukta ya GPS ikiwekwa juu ya ramani ya Google inasogea mita mia kadhaa. Unaambiwa umefika mlangoni, kumbe uko ng'ambo ya barabara kuu ya njia nane. Pakua Amap, ina Kiingereza na inakuonyesha hata herufi ya mlango wa kutokea kwenye stesheni. Herufi hiyo ni muhimu: stesheni moja ina milango A, B, C, D, na kutokea mlango usio wako ni mwendo wa dakika 10. Nguo za watoto nyingi ziko eneo la Zhongshanba. Ukilala Xiaobei ni laini moja ya metro, namba 5, bila kubadilisha. Msimbo wa metro umo ndani ya Alipay, na teksi za DiDi zimo humo humo.

Dereva na mlinzi hawasomi jina la hoteli kwa herufi zetu. Piga picha ya skrini ya jina, anwani na simu ya hoteli kwa maandishi ya Kichina, uiweke mahali inapofunguka bila intaneti, na uichapishe pia. Karatasi haiishi chaji. Kwenye programu ya kutafsiri ya Google pakua Kichina kilichorahisishwa kikae ndani ya simu. Ukielekeza kamera kwenye kibandiko cha nguo itakusomea pamba ni asilimia ngapi bila bando.

Plagi zetu za pini tatu za mraba haziingii. Kule ni pini mbili bapa, au tatu bapa za mshazari, umeme wa volti 220. Chaja yako inaumudu, unachohitaji ni adapta tu, na ununue mbili.

Pawabenki inakaa mkononi, kamwe si kwenye begi la chini. Mpaka saa-wati (Wh) 100 hakuna ruhusa inayohitajika: zidisha mAh kwa 3.7 ugawanye kwa 1,000, kwa hiyo ya 20,000 ni 74 na iko salama, ya 30,000 ni 111 na itahitaji kibali cha shirika. Maandishi yake yasiwe yamefutika. Kama utapanda ndege ya ndani, mathalani kwenda Yiwu, tangu 28 Juni 2025 pawabenki isiyo na 3C, alama ya usalama ya China, hairuhusiwi, na nyingi zinazouzwa kwetu hazina. Emirates nao, tangu Oktoba 2025, wanaruhusu moja tu kwa abiria na huitumii angani. Ikikuishia mtaani, madukani zipo za kukodi. Unaskani kwa Alipay, unachukua, unarudisha kwenye duka lolote lenye mashine hiyo.

Kila asubuhi mtumie mtu mmoja nyumbani mahali ulipo kwa WhatsApp, mubashara, ukichagua muda wa masaa 8. Mwambie mapema kwamba nukta inaweza kusogea kwa sababu ile ile ya ramani, asije akapiga yowe akiona umesimama katikati ya Mto Pearl. Guangzhou iko mbele saa tano: mama akikupigia saa mbili usiku ya Mwanza, kwako ni saa saba usiku. Polisi ni 110, gari la wagonjwa 120, zimamoto 119. Namba 12367 ni ya uhamiaji, saa 24, na wanajibu Kiingereza.

Simu ikipotea

Jibu la swali hili linaandaliwa kabla. Chukua simu yako ya zamani, hata yenye kioo kilichopasuka, na uiache hotelini. Iunganishe na WhatsApp yako kupitia sehemu ya vifaa vilivyounganishwa. Kifaa kilichounganishwa kinaendelea kufanya kazi hata simu kuu ikiwa imezimwa, mpaka siku 14 zipite. Wewe una 12. Ila kinahitaji intaneti inayopita nje ya kizuizi, na waifai ya hoteli haifai. Weka humo laini yako ya pili iliyofunguliwa romingi, na salio la bando dogo. Kama laini hiyo umeifanya ya data kwa kukosa EID, sajili nyingine kwa ajili ya simu hii.

Kwenye karatasi, si kwenye simu, andika: namba kamili ya huduma kwa wateja ya kampuni yako ya simu na ya benki, zikianza na +255 (ile 100 haipigiki kutoka nje), IMEI mbili, PUK, namba za watu wawili wa nyumbani, na namba 10 za akiba za akaunti yako ya Google. Hizo za Google unazipata kwenye sehemu ya usalama ya akaunti, kila moja inatumika mara moja, na ndizo zitakazokuingiza kwenye barua pepe bila SMS. Kadi moja ya benki, nakala ya pasipoti na viza, na yuan za kukufikisha uwanja wa ndege viache hotelini pamoja na karatasi hiyo.

Ikipotea, kwanza ipigie. Teksi na migahawa kule hurudisha simu zaidi ya unavyodhani, na ukiwa umeita DiDi, hoteli inaweza kukusaidia kuwasiliana na dereva. Kama haipokelewi, fungua simu ya zamani, mwandikie mtu wako wa nyumbani apige huduma kwa wateja waifunge laini na M-Pesa. Ataulizwa maswali ya mwenye laini, kwa hiyo uwe umemwachia majibu mtu mmoja unayemwamini. Kisha piga benki wewe mwenyewe ufunge kadi iliyokuwa kwenye Alipay. Kuanzia hapo unaishi kwa noti na kadi ya pili. Mashine za Bank of China na ICBC zinakubali Visa na Mastercard. Alipay kwenye simu nyingine itataka SMS ya laini iliyopotea, kwa hiyo usipoteze jioni nzima ukihangaika nayo. Taarifa ya polisi ni ya lazima kama una bima au kama pasipoti imekwenda pamoja na simu. Kwa pasipoti, ubalozi wetu uko Beijing, na ubalozi mdogo uko hapo hapo Guangzhou.

Kununua simu kule

Ya kutumia safarini usinunue. Ya kurudi nayo, ujue unanunua nini. Simu za Android zilizotengenezwa kwa soko la China nyingi huja bila duka la Play, na si zote zinazokubali kuwekewa. iPhone nyingi za China bara hazina eSIM, zina nafasi mbili za kadi. Washa mbele ya muuzaji, piga *#06#, linganisha IMEI na iliyo kwenye boksi na iliyo kwenye mipangilio. Zote tatu zilingane. Kisha tuma IMEI hiyo kwa mtu wako Tanzania aitume kwa SMS kwenda 15090, namba ya TCRA ya kuhakiki simu, wamjibu ni ya aina gani. Jibu likitaja Samsung na mkononi umeshika kitu kingine, rudisha boksi mezani.